Makaa Ndani ya Soksi

Alikuja na bomba la maji machafu,
inchi sita, limezibwa kwa nailoni na gundi,
hadi mlangoni kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
mimi ninayetia fremu picha za harusi
na vyeti vya darasa la saba.
Nikamwambia, dada, fundi bomba yuko nyumba ya pili.
Hakucheka. Akasema: fungua, taratibu.

Karatasi thelathini na moja,
zimekatwa kwa kisu cha jikoni, Omdurman,
fremu zikaachwa ukutani zimekodoa macho.
Jina lake Ibtihal. Mchoraji ni mjomba wake, Babikir,
aliyeko Kasala, au aliyekuwa Kasala
simu ilipopokewa mara ya mwisho.

Nimesoma chuoni, herufi nazijua:
hii wau, hii nuni.
Lakini zile zilikataa kusomeka.
Wau ilikuwa na shingo ya korongo,
nuni imempakata mwanamke na buli lake la kahawa.
Nikauliza, inasema nini?
Akajibu: haisemi. Inakaa.

Shida ilikuwa Tanga.
Rangi zile zimekorogwa kwa gundi ya mgunga
katika nchi ambayo nguo hukauka
kabla hujaondoka kambani.
Hapa masika chumvi hutoka jasho koponi,
milango huvimba,
na usiku wa tatu yule mwanamke wa kahawa
akaanza kulainika shavu.
Mipaka mitatu, siku kumi na tisa
chini ya mbuzi ndani ya lori,
halafu aje kuyeyukia kwangu, kwa unyevu tu?

Nikapasua makaa, nikayapepeta vumbi.
Nikachukua soksi za shule za Riziki, jozi nne,
nikazijaza, nikazifunga kwa uzi wa mkonge,
nikazilaza sandukuni katikati ya karatasi.
Taa ya vifaranga nikaazima kwa Mama Sembe.
Umeme ukikatika, naamka.

Mke wangu Mwantumu hafichi neno:
Watu wanakufa huko, ninyi mnalinda makaratasi?
Mimi nikatazama msumeno.
Ibtihal alikuwa anafunga soksi.
Akasema, bila kuinua uso:
Kaka yangu hakuenea kwenye bomba.

Mwantumu akaenda kubandika chai.
Tangu siku ile ni yeye anayegeuza soksi alfajiri.

Kuna daftari. Ndani yake picha arobaini na nne.
Kumi na tatu hazikufika, amezichora kwa maneno:
*Namba nane. Mlango wa kijani, mbuzi,
kivuli ambacho si cha mbuzi.*
*Namba ishirini. Nyekundu. Nimesahau. Nyekundu.*

Na ile ya kumi na saba ina alama ya buti,
kisigino hadi vidole,
pale pale mito miwili inapokutana.
Tope kavu hutoka kwa nyama ya mkate
ukisugua bila hasira.
Nikanunua boflo. Nikauliza, nifute?
Akasema futa. Nikaanza. Akasema acha.
Kesho yake akasema: futa kisigino, vidole viache.
Kesho kutwa hakuja.
Mkate ukakauka mezani, kuku wakala.

Aliporudi hakuitaja.
Alileta kanga mbili za kufungia,
na habari kwamba simu ya Kasala imeita,
imeita tu.

Jumatatu Riziki alisimamishwa mstarini,
miguu mitupu ndani ya viatu.
Mwalimu wa zamu: soksi ziko wapi?
Ziko nyumbani, mwalimu, zinakunywa maji.
Akachapwa kimoja, cha mzaha wake.
Alinisimulia huku akinikunjia mkono wa shati
nipate kupima, kwa nyuma ya kiganja,
kama korongo amekauka.

Bado kidogo.
Mvua imeanza tena upande wa Makorora.
Nimenunua soksi nyingine, jozi sita,
na Riziki ameshaficha moja.